Mtoko wa Saa Tisa Alasiri: Ndoa ya Karani wa London Iliyoishi Ukumbini

London, Februari 6, 1668. Mvua inanyesha, giza limeingia, na jamaa mmoja wa miaka 34 anazunguka ndani ya ukumbi wa maonyesho kama mtu aliyepoteza funguo. Anatokea mlango huu, anarudi mlango ule, anapita katikati ya mabenchi, anaanza upya. Anamtafuta mke wake. Hakuna simu, hakuna kutumiana ujumbe wa "niko getini". Mke alitangulia kuwahi nafasi. Yeye alifika saa nane mchana akakuta nyomi ya kufa mtu. Kwa makadirio yake, watu kama 1000 walirudishwa kwa kukosa pa kukaa. Akajibana kwenye viti vya peni 18, nyuma kabisa, haoni vizuri na hasikii yote. Tamthilia yenyewe akaiona ya kipuuzi. Ilipoisha alitumia kama saa nzima na nusu kutafuta sura moja tu katika umati uliokuwa unasubiri mvua ikatike, mpaka alipomkuta bibie amesimama kwenye njia ya kuingilia. Naye alikuwa anamsubiri.

Jina la jamaa lipo kwenye vitabu vya historia, lakini kwa stori hii inatosha kumwita karani, na mkewe bibie. Karani alikuwa mtumishi wa ofisi ya jeshi la majini la Uingereza, mtoto wa mshona nguo aliyepanda ngazi haraka. Kuanzia Januari 1, 1660 hadi Mei 31, 1669 aliandika karibu kila siku alichofanya, alichokula, pesa aliyotumia na mwanamke aliyemtamani, yote kwa hati mkato ili watu wa nyumbani wasimsome. Humo ametaja kwenda kwenye maonyesho zaidi ya mara 300, na safari nyingi alikuwa na mkewe. Ndiyo maana ndoa ya watu waliokufa zaidi ya miaka 300 iliyopita inaweza kufuatiliwa mtoko kwa mtoko, kama unavyoperuzi ukurasa wa mtu usiyemjua saa sita za usiku.

Mzuka wao una sababu. Septemba 1642, Uingereza ikiwa inaingia kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, Bunge lilifunga kumbi za maonyesho. Kwa miaka 18 kuigiza hadharani kukawa kosa, na waigizaji waliojaribu kufanya kimya kimya walivamiwa na askari. Karani na bibie walioana mwaka 1655, katikati ya ukame huo. Yeye alikuwa na miaka 22. Bibie alikuwa na 14 akielekea 15, binti wa Mfaransa aliyehamia Uingereza bila mali ya maana. Leo hiyo ni kesi ya polisi moja kwa moja. London ya wakati ule hakuna aliyeinua hata nyusi. Walianza maisha kwenye chumba cha kubanana, na mji wenyewe haukuwa na sehemu ya aina hiyo ya kumpeleka mke.

Halafu 1660 mfalme akarudi. Charles II aliruhusu makundi mawili ya waigizaji, moja likiwa chini ya jina lake na lingine chini ya jina la mdogo wake, Duke wa York. Mwaka huohuo karani akapata kazi mpya yenye mshahara wa pauni 350 kwa mwaka. Pesa imeingia, kumbi zimefunguliwa, mke ana miaka 19 na amechoka kukaa ndani. Unategemea nini?

Mtoko wa siku zile ulianza mchana kweupe. Chakula kikuu kililiwa saa sita, onyesho likaanza kwenye saa tisa alasiri au baadaye kidogo. Viti havikuwa na namba, vilikuwa mabenchi, kwa hiyo kwenye onyesho jipya watu waliingia saa kadhaa kabla, na wenye uwezo waliwatuma vijana wakakae kuwashikia nafasi. Mabenchi ya chini mbele ya jukwaa yalikuwa shilingi 2 na peni 6. Ghorofa ya kati shilingi 1 na peni 6, ghorofa ya juu kabisa shilingi 1, na vile vyumba vidogo vya pembeni vya mabwana wakubwa shilingi 4. (Ndiyo, shilingi, neno lilelile ambalo Waingereza walikuja kuliacha kwenye pochi za Dar, Nairobi na Kampala. Ya kwao ilikuwa na peni 12, na 20 kati yake zilifanya pauni.) Akina dada walipita na vikapu vya machungwa, chungwa moja peni 6, yaani nusu ya kiingilio cha kule juu. Bei za vitafunwa vya ukumbini zilikuwa wizi tangu enzi hizo.

Kitu kimoja kinabadilisha picha yote: taa hazikuzimwa. Mchana uliingia madirishani, mishumaa iliwaka juu ya jukwaa na juu ya watazamaji vilevile, kwa hiyo anayeangalia alikuwa anaangaliwa. Ukumbi wa mfalme, uliofunguliwa Mei 1663 pale ulipo ukumbi wa Drury Lane wa leo, ulikuwa na tundu la kioo darini la kuleta mwanga. Juni 1664 mvua ya mawe ilipiga katikati ya onyesho mpaka waliokaa chini yake wakalazimika kuinuka na kukimbia. Sasa fikiria kukaa na mwenzako bega kwa bega kwenye benchi, mkiona kila aliyekuja na nani, kavaa nini, kahamia kiti cha nani. Nusu ya utamu ilikuwa jukwaani. Nusu nyingine ilikuwa kunong'onezana.

Karani aliijua hiyo nusu ya pili vizuri mno. Januari 1661 alikuwa amekaa zake kwenye viti vya shilingi 1 na peni 6, akageuza macho, akaona makarani wanne wa ofisini kwake, watu wa chini yake, wamekaa kwenye viti vya shilingi 2 na nusu. Ilimuuma. Bosi yuko kwenye viti vya kawaida, vijana wake wako VIP, na wamemwona. Aliandika jambo hilo kwa uchungu wa mtu aliyekutwa na wafanyakazi wake akigombea daladala. Lakini Septemba mwaka huohuo, wakiwa na bibie, waliambulia nafasi jirani kabisa na Mfalme, na mdogo wake, na yule mwanamke ambaye mji mzima ulijua ni hawara wa Mfalme. Karani akarudi nyumbani ameridhika kabisa. Onyesho lilikuwepo pia, ndiyo.

Na kulikuwa na jipya la kuangalia. Kabla ya ile miaka 18 ya kufuli, sehemu za wanawake kwenye kumbi za London ziliigizwa na wavulana. Mwishoni mwa 1660 wanawake wakaanza kupanda jukwaani, na Januari 3, 1661 karani akawaona kwa mara ya kwanza. Kwa wapenzi waliokwenda pamoja hili lilibadilisha mazungumzo ya njiani. Mke sasa alikuwa anaangalia mwanamke mwenzake akigombana, akitongozwa, akimjibu mwanaume mbele ya watu mia kadhaa na kupigiwa makofi. Machi 2, 1667 karani na bibie walikwenda kuangalia vichekesho ambavyo dada mmoja, anayesemekana kuanzia maisha kwenye uuzaji wa machungwa hapohapo ukumbini, alitokea amevaa kiume na kutembea kwa mikogo ya vijana wa mjini. Karani alichanganyikiwa kwa furaha. Mfalme naye alikuwepo siku hiyo, na dada huyo baadaye akaja kuwa wake.

Usidhani kila mtoko ulikuwa wa kimahaba kwa sababu tu mchezo ulikuwa wa kimahaba. Machi 1, 1662 karani alimpeleka bibie kuangalia Romeo na Juliet ya Shakespeare, hiyo hiyo ambayo dunia nzima inaitumia kama kipimo cha mapenzi. Akaandika kwamba ndiyo tamthilia mbaya kuliko zote alizowahi kusikia maishani. Miezi michache baadaye akaiponda A Midsummer Night's Dream, akaapa haendi tena, kisha akakiri kilichomfurahisha ni ngoma na wanawake wazuri. Alikuwa mkosoaji mwenye macho mawili tu: moja la jukwaani, moja la kwenye mabenchi. Bibie alionaje? Hapo ndipo shida ya stori hii ilipo. Kila kinachojulikana kuhusu mtoko wao kimepita kwenye kalamu ya mwanaume.

Karani alikuwa na tatizo lingine: aliogopa mapenzi yake mwenyewe kwa tamthilia. Yalikula pesa, yalikula muda wa kazi. Mkesha wa mwaka mpya wa 1662 alikuwa ameshaweka nadhiri nzito ya kuacha maonyesho na mvinyo, na kwa miaka iliyofuata akawa anaweka nadhiri, anazivunja, anazirekebisha, anajitoza faini ya kutia kwenye sanduku la maskini. Alikuwa fundi wa kutafuta upenyo. Rafiki akimlipia kiingilio, basi kwa mahesabu yake nadhiri bado nzima. Inachekesha, mpaka ukae upande wa pili wa meza. Nadhiri aliiweka yeye peke yake, lakini ilipofunga mlango wa ukumbi iliwafungia wawili. Yeye alibaki na ofisi, mikutano, mikahawa na marafiki. Bibie alibaki na kuta.

Hapo ndipo siku mbili za Januari 1663 zinapouma kuzisoma. Tarehe 8, mji mzima unazungumzia tamthilia mpya, The Adventures of Five Hours, inayofunguliwa siku hiyo kwenye ukumbi wa Duke. Karani ana hamu ya kufa. Anamwambia bibie ajiandae. Tatizo: nguo za kutokea ziko kwenye sanduku lililofungwa, na dada wa kazi ametoka na funguo. Wangeweza kuahirisha. Badala yake wakamwita fundi chuma aje kuvunja kufuli, bibie akapiga pamba, wakaondoka. Walifika mapema na bado wakaishia mwisho wa benchi, karibu wasione kitu. Lakini onyesho lilimkosha karani kupita yote aliyowahi kuona. Kama kuna siku ndoa hii ilikuwa tamu, ni hiyo: haraka haraka, nyundo kwenye kufuli, watu wawili wanakimbilia kitu kimoja.

Kesho yake, Januari 9, bibie alitoa karatasi akaisoma mbele ya mumewe. Alikuwa ameandika, kwa Kiingereza, upweke wake: maisha ya kukaa ndani bila mwenza, bila raha. Karani aliona ni maneno ya kweli na ya kumwaibisha iwapo mtu mwingine angeyaona. Akamnyang'anya, akaichana mbele ya macho yake huku analia. Akachana na karatasi nyingine alizokuwa amezihifadhi, zikiwemo barua za mapenzi alizowahi kumwandikia yeye mwenyewe. Ilikuwa pengine nafasi pekee ya kusikia upande wa bibie kwa mkono wake, na ikaishia vipande vipande.

Mtu atauliza, sasa mtoko wa jana ulisaidia nini? Haukuponya chochote. Ila ni vigumu kuamini kwamba ni bahati tu barua ile ilitoka siku moja baada ya mtoko. Aliyekaa saa tatu katikati ya watu, akacheka, akaonekana, akarudi nyumbani kwenye ukimya uleule, anakuwa ameonja tofauti.

Juni mwaka huo wako ukumbini tena. Wanamwona mama mmoja mkubwa, binti wa hayati Oliver Cromwell, mtu aliyetawala wakati kumbi hizo zimepigwa kufuli. Huyo binti yumo ndani na kapendeza, na watu walipoanza kujaa akavaa barakoa iliyofunika uso wote, akakaa nayo hadi mwisho. Ilikuwa ndiyo fasheni mpya ya mabibi. Walipotoka tu, karani akampeleka mkewe sokoni na kati ya vitu walivyonunua ilikuwemo barakoa yake. Hakuna mshawishi wa mtandaoni wa leo aliyeuza bidhaa kwa kasi hiyo. Na kwa mwanamke kitu hicho kilikuwa na faida yake: unaona, huonwi.

Tauni ilifunga kumbi Juni 1665, moto ukateketeza sehemu kubwa ya mji Septemba 1666 na nyumba yao ikaponea chupuchupu, na karibu na mwisho wa mwaka huo maonyesho yakarudi. Wao wakarudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Karani sasa ana pesa, nadhiri zimelegea, na ndani ya nyumba ameongezeka mtu. Mwaka 1667, kuelekea mwisho, waliajiri binti wa miaka 17 awe mwenza wa bibie, wa kumsindikiza na kumpunguzia ule upweke wa kwenye barua. Akawa anakwenda nao ukumbini. Novemba 2 wamekaa watatu, wanaangalia mchezo wa Shakespeare wa Mfalme Henry wa Nne, mara baba mmoja mbele yao aliyekuwa anakula tunda katikati ya mchezo anaanguka kama amekufa. Limemkaba. Anayemwokoa ni mama muuza machungwa: alimzamisha kidole kooni, jamaa akarudi duniani. Stori ya namna hiyo wapenzi wanaiishi mwezi mzima, kila mmoja akimsahihisha mwenzake alivyoisimulia.

Kisha Februari 27, 1668, wiki tatu baada ya ule usiku wa mvua. Karani na bibie wanakwenda kuangalia The Virgin Martyr, mchezo wa zamani ambao yeye anaona wenyewe si wa thamani kubwa. Lakini kuna sehemu malaika anashuka jukwaani na ala za kupuliza zinapigwa. Karani alivurugika. Aliandika kwamba muziki ule ulimteka roho mpaka akajisikia mgonjwa kabisa, ugonjwa uleule uliowahi kumshika zamani alipokuwa katika penzi la mkewe. Hakuweza kufikiria kitu kingine njia nzima wala alipofika nyumbani. Akaamua atajifunza ala za kupuliza na mkewe naye afanye hivyo, na Aprili kweli akaenda akanunua filimbi. Bibie tayari alikuwa ameanza kufundishwa filimbi ndogo na mwalimu.

Ni kati ya maneno mazuri zaidi ambayo mwanaume yeyote ameandika kuhusu mtoko na mkewe, na lina neno moja linalochoma: zamani. Muziki ulimkumbusha penzi, akiwa amekaa na mwenye penzi lenyewe. Hakumwambia, au kama alimwambia hakuandika. Aliandika kwenye daftari ambalo bibie asingeweza kulisoma.

Na humo humo kwenye daftari kulikuwa na mengine. Karani alikuwa mchepukaji wa kiwango cha juu: wake za mafundi wa meli waliotaka waume wao wapandishwe vyeo, wauza maduka, watumishi. Sehemu hizo alizivuruga kwa Kihispania na Kifaransa juu ya ile hati mkato, kama mtu anayeweka nywila mbili kwenye simu. Alikuwa pia na ukaribu na mwigizaji mmoja wa ukumbi wa Mfalme, mwanamke mchangamfu mwenye sauti nzuri ya kuimba, ambaye bibie hakumpenda tangu mwanzo. Mwanamke akisema "yule rafiki yako simwelewi", huwa kuna kitu ameona.

Oktoba 25, 1668, baada ya chakula cha usiku, bibie aliingia ghafla chumbani akamfumania mumewe. Sio na mwigizaji. Na yule binti wa nyumbani, aliyekuwa akimchana nywele, yule aliyeletwa ili bibie asiwe mpweke. Bibie alikosa sauti. Usiku wa manane alimwamsha akamtolea siri yake mwenyewe, kwamba yeye ni Mkatoliki, neno ambalo kwa mtumishi wa serikali ya London ya wakati ule lingeweza kumwondolea mume kazi. Wiki zilizofuata hakukuwa na usingizi wala amani kwenye nyumba ile. Binti akaondolewa katikati ya Novemba, karani akaenda kumtafuta mtaani, bibie akajua. Mwishowe likatolewa sharti: karani hatoki peke yake, anasindikizwa na kijana wa ofisini. Mtu mzima, mkubwa serikalini, anatembea na mlinzi aliyewekwa na mkewe.

Kinachoshangaza ni walichofanya majira hayo ya baridi. Walikwenda kuangalia maonyesho. Desemba 2, 1668, zikiwa hazijapita wiki sita tangu fumanizi, karani alipanda kwa mara ya kwanza gari lake mwenyewe la farasi, ndoto ya miaka, moyo umejaa. Kituo chao cha kwanza kilikuwa ukumbi wa Mfalme, yeye na bibie. Na walipofika walichagua kukaa kwenye vyumba vya juu ili wasikutane macho na yule mwigizaji. Siku ya kuonyesha gari jipya kwa mji mzima, siku ambayo kila kiti cha chini kingemwona, wakapanda juu kujificha. Kwa mtu aliyewahi kuumia kwa kuonwa kwenye viti vya bei nafuu, hiyo si gharama ndogo.

Safari nyingine mwigizaji aliwatazama kutoka kwenye jukwaa. Karani hakuthubutu hata kurudisha tabasamu, alijikaza macho mbele, na bado alihisi bibie anakosa raha pembeni yake. Akaamua kuupunguza ukumbi ule. Ule mwanga usiozimwa, uliowapa umbea mtamu kwa miaka minane, sasa ulikuwa unammulika yeye. Hakuna siri kwenye benchi lenye mishumaa juu. Bega la mwenzako linajua umegeukia wapi.

Usidhani ilikuwa mwisho mwema. Januari 12, 1669 karani alikuwa kitandani usiku, bibie akaja kando ya kitanda na koleo la motoni lililowaka ncha. Walizungumza, koleo likawekwa chini, wakalala. Lakini karani mwenyewe anakiri kwenye daftari kwamba tangu ule ugomvi walikuwa karibu kama mume na mke kuliko mwaka mzima uliotangulia, na kwa furaha zaidi. Wasomaji wengi humwona mnafiki hapo, na wana haki. Ila mahudhurio yanabaki vilevile: alasiri baada ya alasiri ya majira yale, watu wawili wenye kila sababu ya kutotazamana wamekaa benchi moja wakitazama mbele, kisha wamerudi nyumbani ndani ya gari moja wakiwa na kitu cha kuzungumza ambacho si wao.

Macho ndiyo yaliyomshinda karani. Mwanga wa mishumaa ya ukumbini ulimuumiza mpaka baadhi ya maonyesho yakawa mateso. Aliamini anakwenda kupofuka, na Mei 31, 1669 akafunga daftari kwa hofu hiyo. Hakupofuka. Aliomba likizo, akampeleka bibie Uholanzi na Ufaransa, nchi ya baba yake. Walirudi bibie akiwa na homa, na Novemba 10, 1669 akafa. Alikuwa na miaka 29.

Madaftari sita ya hati mkato yalikaa kwenye maktaba ya chuo kimoja cha Cambridge mpaka kijana mmoja alipoajiriwa kuyafumbua kati ya 1819 na 1822. Yalichapwa kwa mara ya kwanza 1825, yakiwa yamekatwa katwa kwa aibu. Karani hakufunga ndoa tena, ingawa aliishi na mwanamke mwingine kwa miaka mingi. Alifariki 1703 na akazikwa kando ya bibie, kwenye kanisa dogo la mtaa wao wa London ambalo bado lipo. Ukutani humo kuna sanamu ya kichwa na mabega ya bibie, aliyoagiza mumewe mara baada ya msiba. Mchongaji amemweka akiwa amegeuza kichwa kidogo na midomo imeachana, kama mtu aliyekuwa katikati ya kusema jambo.